Mota ya Kariakoo

Agosti 2014 nilipanda Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kwa bibi nikiwa na mota ndogo ya umeme kwenye begi, nimeiviringisha kwenye taulo. Niliinunua Kariakoo, na safari nzima ndani ya basi niliipakata kama mtoto. Nilishachoka kusikia kwenye simu kwamba mgongo unamuuma, na huku mashine ya kumenyea kahawa anaizungusha mwenyewe kwa mkono, na miaka yake sabini na ushee.

Wasiotoka huku huchanganya mambo. Kukoboa, yaani kutoa ganda la ndani kahawa ikishakauka, ni kazi ya kiwanda, kule Moshi mjini. Nyumbani tunamenya, yaani tunatoa ganda jekundu, na inatakiwa iwe siku ileile ya kuchuma. Ikilala, inaanza kuchacha ndani ya ganda, na muonjaji hadanganyiki.

Nilifunga mkanda, nikawasha. Ngoma ya mashine ilikimbia kwa kasi ambayo mashine ile haikuwahi kuijua tangu enzi za babu. Kwa dakika mbili nilijiona mhandisi. Bibi akachota punje zilizodondoka, akazitandaza kiganjani, akaninyooshea. Nyingi zimechubuka, nyingine zimekatika katikati.

"Zima, mjukuu wangu. Hiki kitu hakisikii."

Sikumwelewa mpaka nilipoushika mpini. Ukizungusha kwa mkono unasikia kila kitu: kijiwe kikiingia, mpini unagoma, matunda mabichi yanakuwa mazito, maji yakipungua, mlio unakauka. Tulimenya madebe matatu mpaka giza likaingia, mimi nazungusha, yeye anamimina maji na kunicheka kwamba watu wa Dar wana viganja vya karani. Malengelenge manne, nilihesabu.

Kahawa ikaachwa kwenye ndoo ichachuke, ule ulenda, yaani ute unaozunguka punje, uachie. Nilisoma kwenye intaneti kwamba saa 24 zinatosha, nikatega simu. Kesho yake jioni ikalia.

"Bibi, muda umefika, tuoshe."

Akazamisha mkono, akafikicha. "Bado. Imelala baridi."

Kweli, Agosti huku juu maji ya mfereji yanauma mpaka kwenye mifupa. Akanishika mkono akauzamisha pamoja na wake: punje zilikuwa zinateleza kama bamia. Alfajiri akaniamsha, tukarudia. Safari hii zilikwaruza, kama changarawe za mtoni, na ukizisugua zinalia.

"Unasikia?"

Nilisikia. Tukaosha kwa maji matatu, zile zilizoelea tukazitoa, nyingine tukazianika kwenye chanja kabla jua halijatoka vizuri. Vidonda vya viganja viliwasha mpaka nikashindwa kushika kikombe cha chai.

Mota niliiacha. Baba mdogo aliifunga kwenye mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, na huko inachapa kazi vizuri tu; hata bibi huisifu.