Jaketi jepesi na upepo wa Newala

Ukiulizia jaketi la baridi pale soko kuu la Mtwara, swali la kwanza utakalorudishiwa ni kama una homa. La pili ni kama unaendesha bodaboda. Mimi sikuwa na homa wala pikipiki. Nilikuwa na mpango wa kupanda Kilimanjaro mwezi wa tisa pamoja na shemeji yangu anayefundisha Newala, na kabla ya hapo alitaka niende kwake tutembee, tulale nje ukingoni mwa uwanda wa Makonde, tupime miguu na vifaa. "Usije na lile sweta lako la chuo," aliniambia kwenye simu. "Kusi likivuma huku utaomba kurudi kwa mama."

Basi nikazama kwenye mitumba. Kwa vijana wa bodaboda jaketi zito ndiyo ngao ya kifua alfajiri, wanalivaa kinyumenyume zipu ikikaa mgongoni, kwa hiyo belo likifunguliwa makubwa na manene yanaondoka kwanza. Kwangu hiyo ilikuwa heri. Mtu anayebeba nyumba yake mgongoni hatafuti jaketi nene, anatafuta linaloweza kusokotwa likaingia kwenye mfuko mdogo na bado likampa joto. Yale membamba yenye mishono ya kulala, yanayoonekana kama mito midogo iliyopangwa, yalikuwa yamebaki yamerundikwa chini ya suruali za jinzi.

"Mjomba, hilo ni manyoya ya bata, Ulaya mtupu," muuzaji akaniambia, akinirushia la bluu iliyopauka. Nikalipeleka kwenye mwanga wa jua. Hapo ndipo ukweli wa jaketi la manyoya unapoonekana: mito mingine ilipitisha mwanga kabisa, haina kitu, na mingine ilikuwa na madonge meusi kwenye kona. Nikalifinya mkono, nikasubiri. Manyoya mazuri ukiyafinya yanainuka yenyewe mara moja. Haya yalibaki yamelala. Lebo ya ndani ilisema 90/10, maana yake sehemu tisini ni manyoya laini ya kifuani mwa bata na kumi ni manyoya ya kawaida yenye kijiti. Lakini lebo inaeleza jaketi lilivyotoka kiwandani. Haijui kwamba mtu fulani huko lilikotoka alilifua kwa sabuni ya unga kisha akalianika likiwa limekunjwa.

Kuna namba nyingine ambayo wauzaji wa maduka makubwa huipenda, 650, 800, hata 900. Wengi wanadhani ni kipimo cha joto. Ni kipimo cha kuvimba: wakia moja ya manyoya hayo inajaza inchi za ujazo ngapi ikiachwa ijitanue. Jaketi la 800 lenye manyoya kiduchu linaweza kuzidiwa joto na la 650 lililojazwa vizuri. Namba kubwa inakupunguzia uzito tu kwa joto lilelile. Na joto lenyewe halitoki kwenye jaketi. Linatoka mwilini mwako, na hewa iliyokwama kati ya manyoya ndiyo inayolizuia lisikimbie. Ndiyo maana jaketi lililolala ni shati tu.

Nikaliacha la bluu. Chini kabisa nikapata jingine la kijivu, la polista, zipu nzima, kofia ya kushonea, kiuno chenye kamba ya kukaza. Miaka ya 1980 jeshi la Marekani lilitafuta nyuzi za namna hii kwa bidii, lilipohitaji kitu kinachofanana na manyoya ya bata lakini kisichokata tamaa kikilowa. Nyuzi za PrimaLoft zilizaliwa kwenye kazi hiyo. Nikanusa kwapa (fanya hivyo kabla ya kulipa, usione haya), nikavuta zipu juu na chini, nikainua mikono yote miwili kuona kama kiuno kinapanda mpaka kitovuni. Hakikupanda. Tukaanza na elfu thelathini na tano, tukamalizia elfu ishirini na mbili, na muuzaji akaniombea kwa Mungu nipone homa.

Safari ya Newala ni kama kilometa 140. Lami inakwenda raha mpaka Mnivata, na baada ya hapo siku ile ilikuwa vumbi, vifusi na mitambo ya ujenzi pembeni. Jaketi nililikunja likawa mto wa shingo. Kuanzia Tandahimba mikorosho imefuatana njia nzima, mashamba mengine yakinuka salfa iliyopulizwa kwenye maua. Husikii unapanda mlima, kwa sababu uwanda wa Makonde unainuka polepole sana kutoka pwani kwenda magharibi. Ila ukifika Newala unakuta nchi imekatika ghafla mbele yako. Pale Shimo la Mungu unasimama ukingoni, bonde la Ruvuma liko chini kabisa, na Msumbiji iko ng'ambo kwenye ukungu wa buluu.

Tulishuka asubuhi iliyofuata. Njia za miguu hapo ni za zamani. Juu ya uwanda hakuna mito, na kabla ya maji ya bomba akina mama walikuwa wakishuka bondeni na kupanda na ndoo kichwani. Sisi tulishuka na mabegi tukapanda tukihema, na ndani ya nusu saa fulana zilikuwa zimeganda mgongoni kwa jasho. Jaketi lilikaa ndani ya begi muda wote huo, na ndivyo inavyotakiwa. Ukitembea nalo mlimani unalilowesha kwa jasho lako mwenyewe, halafu ukisimama linakugeuka. Linatoka begini pale unapotua mzigo, kabla hujaanza kusikia baridi. Shemeji alikuwa na lake la manyoya, jeusi, alilopewa na ndugu yake wa Arusha, na alilivaa tangu tunaanza kupanda. Sikumwambia kitu. Ni kaka wa mke wangu.

Mwenyeji wetu, bibi mmoja jirani wa shule, alituruhusu kupiga hema nyuma ya nyumba yake, mita chache kutoka ukingoni. Nilipomwamkia, kabla hata ya kumaliza marahaba alikuwa ameshanishika mkono wa jaketi akilibonyeza.

"Sufi hii?"

"Hapana bibi, ni nyuzi za plastiki."

"Ah. Sufi ingekuwa bora. Ila ikilowa ujue utaichambua upya yote."

Bibi hakuwa mbali na jambo lenyewe. Sufi ya msufi, ile ya mito na magodoro yetu, ilijaza maboya ya kuvaa ya mabaharia kwa miaka mingi kabla ya povu la kisasa, kwa sababu ni nyepesi na inaelea. Kazi yake ni ileile ya manyoya ya bata: kufunga hewa.

Jua lilipozama upepo ukaanza. Newala haina baridi ya barafu, na mtu wa Njombe angetucheka, lakini upepo wa ukingoni unapita kwenye fulana yenye jasho kama haipo. Tulikaa nje tukila ugali na kisamvu cha nazi, na kwa haki ya Mungu jaketi la shemeji lilinishinda. Tulibadilishana kwa muda. Lake lilikuwa jepesi kuliko langu, na baada ya dakika chache nilisikia joto limejaa kifuani. Langu lilihitaji koti la mvua juu yake kuzuia upepo ndipo likatulia. Kwa baridi kavu manyoya hayana mpinzani, na sioni sababu ya kubishana. Marekani hadithi ya jaketi la manyoya lenye mishono inaanzia kwa Eddie Bauer, muuza vifaa vya michezo aliyenusurika kufa kwa baridi akiwa safari ya uvuvi, akatengeneza la kwake mwaka 1936 na kupata hataza mwaka 1940.

Alfajiri ukungu ulipanda kutoka bondeni. Hema lilidondosha maji ndani na nje, majani ya mikorosho yalikuwa yakichuruzika. Shemeji alilala na jaketi lake, likanywa jasho la jana na ukungu wa leo pamoja. Alipotoka nje mabega yalikuwa yamesinyaa, mito ya mikononi imekuwa kamba. Langu lilikuwa na unyevu vilevile, lakini nilipolikung'uta lilivimba tena, si lote, la kutosha kunywea chai bila kutetemeka.

Kwa hiyo kwa Kilimanjaro nimeshaamua. Siku za mwanzo tutakuwa ndani ya msitu wa mvua, huko naenda na la polista na koti la mvua. Usiku wa kileleni, mita 5,895, hakuna jaketi jepesi litakalotosha peke yake. Nitakodi nene la manyoya kule Moshi nilivae juu, mradi nilikague kwanza kwenye mwanga.

La shemeji lilianikwa kwenye kamba ya bibi mpaka mchana, tukiligeuza na kuyavunjavunja madonge kwa vidole. Lilipoanza kuvimba akaniuliza kama tubadilishane moja kwa moja.

"Ongeza elfu kumi," nikamwambia.

"Mimi ni shemeji yako."

"Basi elfu tano."