Ijumaa moja Mdina

Jana nimerudi miguu inawaka moto lakini moyo umejaa, ngoja niandike kabla haijanitoka.

Nilipanda basi toka Valletta, mji mkuu wa Malta, nusu saa hivi, nikashuka Rabat (si ile ya Moroko, ni mji jirani tu na Mdina) alafu nikatembea kidogo tu mpaka lango la Mdina. Mji uko juu ya kilima katikati ya Malta, umezungushiwa ukuta, na mbele yake kuna handaki refu la zamani ambalo siku hizi ni bustani, unavuka daraja unaingia. Lango lenyewe ni la 1724 ila mji ni wa zamani sana kuliko hapo, Waarabu waliuchukua mwaka 870 na jina wakaacha wao: Mdina, yaani madina, mji. Leo wakazi wake hawafiki 300.

Mchana wageni ni wengi mno, wanapiga picha hao wanaondoka, kwa kweli wanakosa. Mi nilikaa. Vichochoro vimepindapinda huoni mbele, mawe yana rangi ya asali na ni laini, nilipitisha kidole ukutani kikabaki na vumbi la njano kama unga wa dona. Kanisa kuu la Mtakatifu Paulo la mwanzo liliharibiwa na tetemeko la 1693, hili la sasa wakalijenga upya, lina saa mbili usoni, moja ya masaa na nyingine ya tarehe.

Kilichonishika lakini si mawe. Kwenye mlango mmoja kulikuwa na kibao cha siku za kufungua, kwa Kimalta, nasoma zangu tu mara naona Il-Ħamis, Il-Ġimgħa. Nikasimama. Alhamisi, Ijumaa! Mlango wa pili bibi mmoja alikuwa anasugua kigongeo cha shaba cha umbo la samaki, anasugua taratibu na kitambaa mpaka kinameta, nikamuuliza kwa Kiingereza ile inasomwaje, akasema "jima", leo ni jima. Nikamwambia bibi, kwetu Tanga tunasema Ijumaa. Aliacha kusugua. Nikaanza kuhesabu vidole, sita, saba, na yeye ananijibu sitta, seba, nane tukapishana kabisa akacheka, alafu tisa, akasema disa, akanishika mkono kama mjukuu aliyepotea. Akaniuliza kitabu tunaitaje, nikamwambia kitabu, akasema ktieb.

Watu hawa ni Wakatoliki kwa mamia ya miaka, Wanormani walikuja 1091, wakaja wapiganaji watawa wa Mtakatifu Yohane 1530, wakaja Wafaransa, wakaja Waingereza, kila mmoja na bendera yake, na lugha bado ina mifupa ya Kiarabu kama yetu ilivyobeba maneno yake. Mungu wanamwita Alla. Kwaresima wanaiita Randan, na mi Mkatoliki niliyekua nafuturu kwa majirani kila Ramadhani, hilo neno lilinigusa pabaya, nilimkumbuka mama Mwanaidi na uji wake wa pilipili manga.

Jioni niliingia kanisani wakawa wanasali Baba Yetu, Missierna li inti fis-smewwiet, nasikiliza tu sauti, ile smewwiet ikaniingia. Samawati. Rangi ya yunifomu yangu ya shule ya msingi, kumbe maisha yote nilikuwa navaa mbingu.

Nilipotoka giza limeingia, taa za ukutani zimewaka, wageni hamna, nasikia viatu vyangu mwenyewe tu. Nikapita tena pale kwa bibi, alikuwa anafunga dirisha, akaniona akanyanyua mkono akasema "saħħa", ndo wanavyoagana.

Siha. Nikamjibu na wewe bibi, siha, nikaenda kusubiri basi.