Kutoka Nansio na Gunia la Dagaa

Meli ya asubuhi kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe, kwenda Mwanza ilijaa magunia ya dagaa kuliko abiria. Nilipata nafasi pembeni, karibu na mzee aliyekalia gunia lake. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akataka kujua nilichofuata Ukerewe.

"Nilikuja kuuliza habari za furu, mzee."

Akacheka. "Furu, kisamaki kile! Wenzako wanauliza mabondo."

Kweli. Juzi pale mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, niliona kayabo, samaki wa kukaushwa kwa chumvi, imepangwa tayari kwenda Kongo, lakini kelele zote zilikuwa kwenye mabondo, vifuko vya hewa vya tumboni mwa samaki, yanayosafirishwa hadi China. Mwenye bondo hilo ni sangara, na sangara si mwenyeji wa Ziwa Victoria. Aliletwa miaka ya 1950, enzi za ukoloni. Mamia ya aina za furu yalikuwa yamejaa ziwani, ila furu ni mdogo, ana miba, hana soko la mbali. Waliomleta wakaona heri aje samaki mkubwa amle furu, nasi tumle yeye. Hesabu hiyo ilifanywa kwa mizani tu. Kazi ya furu majini, kula mwani na uchafu wa chini, haikuwa na kilo.

Miaka ya 1980 sangara akafurika, na furu karibu atoweke.

Lililonishangaza mimi ni kuni. Furu alianikwa juani akakauka. Sangara ana mafuta, jua peke yake halimwezi; asipotiwa chumvi, lazima abanikwe au akaangwe. Basi kosa la majini likapanda mlimani kukata miti.

"Usimtukane sana," mzee akanikatiza. "Amenisomeshea watoto wanne."

Nikanyamaza. Siku hizi ziwani kuna vizimba vya kufugia sato, na huko nako nasikia hesabu ileile: tani ngapi, faida kiasi gani. Chakula kinachodondoka chini ya vizimba sijasikia mtu akikitaja. Sivipingi, sato wa kizimbani ni mtamu, nami nimemla.

Jiwe la Bismarck, la pale Mwanza, lilipoanza kuonekana, mzee alifungua gunia, akachakura kwenye dagaa, akanitolea visamaki vitatu vikavu. Kimoja kilikuwa kipana, kingine chembamba, cha tatu kina mdomo uliochongoka.

"Anarudi rudi, tangu sangara apungue."

"Hiki kinaitwaje?"

"Furu."

"Na hiki?"

"Furu."

Cha tatu sikuuliza.