Siku moja na mtafiti wa taarab Unguja

Saa 11 alfajiri niko macho, nachaji rekoda. Sala, chai, daladala, saa 2 niko Darajani. Watu wananiuliza kila siku "yaani kazi yako kusikiliza nyimbo?" Ndio, lakini kaa na mimi siku moja uone.

Saa 3 nabisha hodi Ng'ambo, kwa mzee mpiga kanuni, ile ala ya taarab ya nyuzi nyingi za kudonoa.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Leo nyuzi zimekataa."

Mvua ilinyesha usiku na kanuni ikipata unyevu sauti zinahama, na hii ina nyuzi 78, tatu tatu kwa kila sauti, ukigusa mmoja lazima uguse na wenzake. Anakaza, anaudonoa, anatikisa kichwa, analegeza, anaudonoa tena. Nilipanga turekodi saa 3 na nusu, saa 5 inakaribia bado tunahangaika na nyuzi, friji nimeizima maana inanguruma kwenye maiki, bodaboda wanapita dirishani, mjukuu analilia simu, mgongo unawaka kwa kukaa mkekani na siwezi kumhimiza, mimi nani nimhimize mtu aliyeanza kupiga kabla sijazaliwa. Mwisho akavaa pete zake mbili za kupigia kwenye vidole vya shahada, akapiga bashraf, muziki wa ala tupu bila kuimba, dakika nne. Mwili ulinisisimka wote. Ikaadhiniwa, tukanyamaza, ikawa basi.

Saa 9 nafundisha watoto. Nimewasikilizisha santuri za mwimbaji wa taarab Siti binti Saad, zile alizorekodi Bombay mwaka 1928, mmoja akaniuliza mbona sauti inakwaruza hivyo. Swali zuri, santuri za zamani haziaminiki, na ndo maana namfuata babu, santuri ikizunguka haraka kidogo tu sauti zote zinapanda, huwezi kujua kwa uhakika siku ile walitia sauti wapi.

Jioni ndo kazi yenyewe. Nimechagua sekunde 14 tu za ile bashraf niziandike kwa nota, iko kwenye rast, moja ya ngazi za sauti za Kiarabu, na sauti ya tatu ya rast si mi wala mi bemoli, yaani mi iliyoshushwa, inakaa katikati, kinanda hakina kibao chake. Programu ya kuandikia nota kila nikiicheza inairudisha kwenye mi. Narudisha nyuma, nasikiliza, naandika, nafuta, narudisha tena, masikio yamechoka mpaka sauti ya feni naiona kama inaimba. Lakini nikiiandika mi ya kawaida wale watoto wataiimba hivyo, na watakaofundishwa na wao hivyo hivyo, na sauti imekufa hapo. Nikaweka bemoli iliyokatwa kistari, alama ya hiyo sauti ya katikati, nikaiimba mwenyewe, nikamtumia babu kwa WhatsApp.

Nishalala akapiga.

"Mwanangu, hiyo ya tatu umeipandisha. Shusha kidogo."

Nikaamka nikawasha taa.