Injini ya Cessna ilitetemeka Kisongo, kumbe ni kile kitufe chekundu

Nilianza kujifunza urubani nikiwa na miaka 49, baadaye nikanunua Cessna 172 kuukuu. Karibu kila asubuhi nikipima magineto (vifaa viwili vinavyozipa plagi cheche) kabla ya kuruka, nikibaki na ya kulia injini inashuka mizunguko 300 kwa dakika na inatetemeka kama bajaji kwenye rasta. Narudi kuegesha, mke wangu anacheka.

Nikakagua maji kwenye mafuta, hamna. Nikanunua plagi mpya (bei yake usiulize). Wiki mbili tu, yale yale.

Fundi mmoja mzee akafungua plagi ya chini: nyeusi tii kwa masizi. "Mzee mwenzangu, ukitembeza ndege ardhini, kile chekundu unakiacha wapi?" Ni kile kitufe cha kupima petroli inayochanganywa na hewa: ukikisukuma ndani petroli inaongezeka, ukikivuta nje inapungua. Ndani kabisa, nikajibu, kama nilivyofundishwa Dar. Lakini Kisongo, uwanja wa ndege wa Arusha, ni kama futi 4,500 juu ya bahari. Hewa nyepesi, petroli inazidi, plagi zinajaa masizi.

Sasa injini ikishawaka, navuta chekundu nje mpaka ikaribie kukohoa. Navuta kwelikweli, kiasi kwamba nikiongeza nguvu inagoma. Kwa hiyo hata nikisahau, siwezi kuruka hivyo. Kabla ya kupima nakirudisha taratibu hadi mizunguko ifike juu kabisa.

Jana ilishuka 75 tu.