Elfu moja na mia tano ikawa moja

Jana sikulala. Mfumo wa mauzo niliomwandikia mama mmoja muuza nafaka pale Kongowea ulionyesha mchele wa shilingi 1,500 umelipiwa shilingi 1.

Chanzo ni jinsi PHP, lugha ya programu niliyotumia, inavyogeuza aina za data, mfano maandishi kuwa namba. Ukiandika (int)"1,500", yaani geuza maandishi haya yawe namba kamili, inasoma tarakimu mpaka kwenye koma, inaacha zilizobaki, inakupa 1. Hakuna kosa, hakuna onyo! Ukiipa "mchele", inakupa 0. Toleo la PHP 8 la mwaka 2020 lilirekebisha mengi: sasa "mchele" == 0 (yaani "mchele" ni sawa na 0) si kweli tena, na ukijumlisha "mchele" na 5 programu inakataa. Lakini (int) imeachwa vilevile.

Kwa hiyo naandika pendekezo kwa watengenezaji wa PHP. (int) ya zamani tusiiguse, mifumo mingi mno inaitegemea. Tuongezewe njia ya pili ya kugeuza, itakayokataa waziwazi maandishi yoyote yasiyo namba kamili.

Jamani, yule mama alihesabu pesa mara tatu akidhani kijana wake wa dukani anamwibia. Nimempigia simu alfajiri kumwambia kijana hana kosa.