Siku kijiti kilipohama mkononi mwangu

Nilikuwa nawafundisha wanafunzi wa chuo na wahudumu wa afya ngazi ya jamii utafiti shirikishi, yaani utafiti unaofanywa pamoja na wanajamii wenyewe. Watu ninaowaheshimu walinishauri: wafundishe nadharia kwanza, wakishaiva ndipo uwatoe nje. Ushauri ule ulinila siku tatu. Wanafunzi wa chuo walikaa mbele wakijibu kila swali. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, watu wanaoijua kila nyumba, walikaa nyuma wakinakili maneno yangu. Nilipomwomba mmoja maoni, akanijibu, "Mwalimu, sisi tunasikiliza tu." Neno lile lilinichoma. Mwaka 1969 Sherry Arnstein, mwandishi wa Marekani, aliuchora ushirikishwaji wa wananchi kama ngazi ya vipandio 8. Mimi nilikuwa nimekwama kwenye cha tatu, cha kupashwa habari.

Siku ya nne tukatoka. Nikampa mama mmoja mhudumu kijiti achore ramani ardhini. Wanafunzi niliwaweka mikono nyuma: kuuliza ruksa, kuchora hapana. Akachora njia, nyumba, kisima. Kisha akasita, akakifuta kisima kwa unyayo, akakichora upya mbali kabisa.

"Mama, mbona cha karibu umekifuta?"

"Kipo, ila pampu imekufa. Tunachota kule."

Dodoso la wanafunzi lilikuwa na swali la umbali hadi kisima cha karibu. Walilikata wenyewe, palepale, bila mimi kufungua mdomo. Nilifurahi mno.

Kupanga vipaumbele kwa kokoto, kila mtu akitia kokoto kwenye kopo la tatizo analoliona kubwa, kulitushinda mara ya kwanza. Kila mtu aliweka yake mbele ya wenzake, na wote wakamfuata mzee aliyetangulia. Mara ya pili tukafunika makopo kwa kitambaa, tukaweka alama juu, mtu akaingia peke yake. Malaria, iliyoongoza asubuhi, ikashuka. Likapanda jambo ambalo hakuna aliyelizungumza hadharani: lugha mbaya wanayotolewa wajawazito kliniki. Ukiwa na muda wa zoezi moja tu, fanya hilo, na usisahau kitambaa.

Ridhaa tuliifanyia igizo, wahudumu wakiwa watu wanaokataa kuhojiwa. Kuomba, wanafunzi walijua. Kuipokea "hapana" bila kubembeleza ndiko kulikowatoa jasho, tukarudia mpaka jioni.

Ramani tuliinakili kwenye karatasi kubwa kabla mvua haijaifuta. Mwanafunzi mmoja alianza kuikunja aitie kwenye mkoba. Yule mama akanyoosha mkono, akaichukua. Sisi tukapiga picha.